Nembo ya Upande wa Kulia

Kazini binti hakuruhusiwa kumwita mjomba wake "mjomba". Siku aliyoajiriwa, kaka huyo wa mama yake alifunga mlango wa ofisi akamwambia, "Hapa mimi ni mkuu wa idara. Ujomba uuache nyumbani." Binti akaitikia. Kwa miaka minne akamwita mkuu, na mkuu mwenyewe hakuwahi kugusa hata chuma cha kulehemu. Alishika kalamu, simu na sifa za wenzake.

Kichujio kilimla binti miezi saba. Kilikuwa kibao cha ukubwa wa kiganja, cha kufungwa kwenye minara ya simu, kazi yake kupitisha bendi mbili za mawimbi na kuzifungia nje nyingine zote. Ishara iliingia kwa njia mbili pacha za shaba, kushoto na kulia. Kelele za mitambo ya jirani huingia njia zote mbili kwa pamoja, na pande hizo zikifanana kabisa, kelele hufutika. Kufanana kabisa maana yake zisipishane hata kwa unene wa unywele. Haya binti alimweleza mkuu mara tatu, naye akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri chai.

Mchoro ulipokuwa unakwenda kiwandani, mkuu akauchungulia, akaona nafasi tupu upande wa kulia. Ikamkera. Akapachika hapo nembo ya kampuni, kubwa, ya shaba, na chini yake herufi za jina lake, maana mtu asiyebuni kitu lazima aonekane mahali fulani.

"Mkuu, hiyo shaba itaharibu ulinganifu," binti akasema bodi za kichujio ziliporudi kutoka kiwandani.

"Ni urembo tu. Usinifundishe kazi."

Saa nne asubuhi hiyo hiyo akaja mteja, mhandisi wa kampuni ya simu, mama mfupi mwenye miwani na asiye na muda wa porojo. Kichujio kikikubaliwa, binti angekabidhiwa maabara mpya. Kikikataliwa, miezi saba yote inakwenda kapuni. Wakaunganisha nyaya. Bendi mbili zikapita vizuri. Wakapima kelele, na mstari uliotakiwa kulala chini kabisa kwenye kioo cha kipimo ukapanda bila haya.

Mkuu akakohoa. "Utuwie radhi, mama. Binti bado anajifunza. Tulimpa kazi hii kwa huruma."

Kwa huruma. Kwa mara ya kwanza binti akamdharau mjomba wake waziwazi, bila kujilaumu. Alichukua chuma cha kulehemu na kisu chembamba, akaipasha moto ile nembo na kuibandua kipande kwa kipande, pamoja na herufi zake. Akasafisha bodi, akaiacha ipoe, akaunganisha nyaya upya.

Mstari ukashuka mpaka chini, ukatulia.

Mhandisi akavua miwani. "Nani aliweka shaba pale?"

Mkuu alimkazia binti jicho la nyumbani, lile la kumkumbusha nani alimtafutia kazi. Binti akaliona, akalielewa vizuri. Akaweka chuma mahali pake.

"Mjomba wangu," akajibu. "Huyu hapa."