Pimamaji Ukweni

Fundi mwashi mmoja, wenzake walimbatiza jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta, kwa sababu hawezi kuona kitu kimekaa upande akanyamaza. Sasa ilikaribia siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na kwa hofu tupu alikuwa amefunga choo tangu wiki ilipoanza. Muuza dawa akampa kopo la unga wa magnesiamu, madini ya kulainisha tumbo, akamwelekeza vizuri tu: kijiko kidogo kimoja kwa glasi ya maji.

Pimamaji aliitikia. Lakini asubuhi ya safari, alipokoroga, jicho lake la kazi likaona mchanganyiko mwepesi kama maji ya kusuuzia karai. Mchanganyiko mwepesi haushiki, fundi gani asiyejua hilo? Akaongeza unga, akakoroga, akaongeza tena, mpaka kijiko kikasimama chenyewe. Hapo akaridhika, akaubugia wote, akatia kopo kwenye mfuko wa koti, akaondoka.

Ukweni walimpokea vizuri. Baba mkwe mtarajiwa, fundi cherehani anayejiamini kwa kila jambo, alimtembeza nyumba nzima, na kwa fahari kuliko yote akamwonyesha choo kipya cha kukalia, alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe. Mama mkwe akatazama dari. Mchumba akakohoa. Chai ikaja, na mzee ndiyo kwanza anauliza kijana ana mpango gani na binti yake, tumbo likajibu kabla ya mwenyewe. Pimamaji akaomba radhi, akatoka mbio za adabu, zile za magoti kubanana.

Jamani, kile choo kiliyumba. Akiinama mbele kinamfuata, akiegemea nyuma kinalia ka-ka-ka, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, sebuleni wanasikia kila kitu. Alipomaliza alimshukuru Mungu, akanawa, akashika kitasa. Akashindwa kutoka na kukiacha choo kimekaa upande vile. Pembeni kulikuwa na vipande vya vigae vilivyobaki. Akavua kiatu, akapiga magoti na suruali yake ya kuazima, akaanza kuvigongomea vile vipande chini ya choo kama kabari. Ko, ko, ko. Mama mkwe alikuja mlangoni akauliza kwa upole kama mgeni anahitaji msaada.

Aliporudi sebuleni, magoti yamejaa vumbi, mzee alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Kijana, ulikuwa unafanya nini humo muda wote huo?"

Pimamaji akabanwa pande zote. Akisema ukweli wa tumbo, anajiaibisha. Akisema ukweli wa choo, anamwaibisha mzee mbele ya familia yake, na binti ndiyo basi tena. Alimtazama mchumba wake, akaona alivyokaa roho juu, akampenda mno, akaamua aibu iwe yake. Akasimulia habari za kopo na kijiko kilichosimama, bila kuficha.

"Na ile ko, ko, ko?"

"Tumbo hilo hilo, baba."

Mchumba akajiziba mdomo kwa mto wa kochi. Mama mkwe, ambaye hakuwa mjinga, akanyanyuka kwenda kuhakikisha. Wakatega masikio. Hakuna ka-ka-ka. Alirudi uso umeng'aa, akamnong'oneza mumewe, na mzee naye akaenda akajifungia. Akakawia humo mpaka Pimamaji akaanza kutafuta kwa macho mlango wa kutokea.

Mwishowe mzee akamwita. Pimamaji akakuta mlango wa choo umefunguliwa kidogo, jicho moja linachungulia.

"Lile kopo umekuja nalo?"

"Ninalo, baba."

"Lete. Tangu nifunge kitu hiki sijawahi kukaa nikatulia, na tumbo nalo limefunga." Mkono ukatoka. "Mwambie mama yako aongeze chai. Nikitoka tunapanga harusi."

Pimamaji akamkabidhi kopo, machozi ya furaha yakimlengalenga, akamsihi mkwe wake kijiko kidogo kimoja tu, hata akiuona mchanganyiko mwepesi.