Kilichokuwa Kikigonga

Anakleti alikuwa na neno moja tu kwa kila kilichoko chini ya gari: shokapu. Pikapu ikigonga, shokapu. Ikiyumba, shokapu. Ndivyo wanavyosema wabeba tumbaku wote wa Ulyankulu, na kila soko linapokaribia kufunguliwa hufunga shokapu mpya wakajiona wamemaliza kazi. Yeye alibadilisha mara mbili. Mlio wa mbele kulia ukaendelea vilevile, naye akauzoea, si ndiyo ubishi wa madereva!

Sasa mchana huu gurudumu la mbele kulia limelala ubavu katikati ya pori, na Tabora bado mbali. Nyuma ya pikapu, juu ya godoro, yuko bintiye Ishimwe, siku ya pili ya uchungu, mtoto hatoki. Mama yake, Kankindi, kampakata kichwa. Bodaboda moja ilipita, lakini Ishimwe hakuweza hata kuketi.

Anakleti alimpigia fundi Hilari, aliyeko mjini. Shikamoo ya fundi hakuiitikia.

"Shokapu imekatika! Nifanyeje?"

"Shokapu haiangushi gurudumu, mzee wangu. Yenyewe inatuliza mruko tu. Hebu ingia chini, uniambie unachoona."

Akajitupa chali mavumbini.

"Kuna chuma kimejiviringa."

"Springi hiyo, inabeba uzito. Nzima?"

"Nzima."

"Shuka chini yake, kuna mkono wa chuma. Kwenye ncha pana kikombe, ndani yake tufe dogo la chuma linazunguka kama nyonga."

"Kikombe kitupu."

"Basi ni boljointi. Hiyo ndiyo inayoshika gurudumu. Haikuwa inagonga?"

"Tangu mwaka jana," alisema Anakleti, na hapo akaelewa, akatamani ardhi immeze.

"Namtuma mtu na boljointi sasa hivi. Baada ya masaa mawili atakuwa hapo."

"Sina masaa mawili, Hilari! Mwanangu anakufa!" Alilia waziwazi, mtu mzima yule, machozi yakimwingia masikioni.

Juu yake mikwaruzo ya miguu ya Ishimwe ikakoma. Kankindi aliita jina la binti yake mara moja, akaita tena, kisha akapiga yowe ambalo halihitaji kuulizwa.

"Mzee? Kuna nini huko?"

Anakleti hakutoka. Alinyoosha mkono, akashika chuma kilichokuwa karibu na uso wake.

"Fundi," alisema, "na hiki hapa, hiki kinaitwaje?"