Karai la Mama Chan

Mtaa mzima wa Mangarivotra, mjini Mahajanga, haukuwa na mwanamume aliyejua kununua samaki kama Houmadi. Nasema kununua, si kuvua, maana baharini hakutia hata mguu. Lakini sokoni! Asubuhi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaweka kofia kichwani sawasawa, akachukua kikapu chake cha ukindu na kushika njia kama bwana harusi. Wachuuzi wakimwona kwa mbali walisukuma samaki wa jana chini ya meza. Alifunua shavu la changu kwa kidole kimoja, akanusa, akatikisa kichwa, akahamia meza ya pili. Kitu akikipenda hakubishani bei, kwa kuwa aliona kuvutana na mchuuzi ni aibu kwa mtu mzima. Kisha akapanda pusipusi, kigari cha kukokotwa na mtu, samaki mapajani, mkia umetokeza nje majirani wapate kuuona.

"Mke wangu hajui bei ya nyanya," alipenda kusema barazani, na wazee wenzake wa Kingazija wakaitikia. Kwao wote ndivyo ilivyokuwa: mume analeta, mke anapika. Mume anayemtuma mkewe sokoni ama ni mgonjwa, ama ni bahili, ama hana mke bali ana mtumishi. Oumi, mkewe, aliyasikia hayo miaka yote akanyamaza. Bei ya nyanya aliijua vizuri sana, majirani walimwambia. Ila hakuona sababu ya kumwondolea mzee raha yake.

Na huyu mwenye kikapu chake ndiye Mungu aliyempa mkwe Mchina.

Kijana mwenyewe hakuwa na ila. Alizaliwa kisiwa cha Nosy Be, katika duka la marehemu baba yake. Alikuja Mahajanga kuchukua bidhaa, akamwona Laïla, binti wa Houmadi, akarudi mara kadhaa kuchukua bidhaa ambazo duka halikuzihitaji. Akasilimu, akaitwa Issouf, akajifunza sala na akaposa kwa adabu zote. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, bendera bado haijapauka, na watu walisema kila kitu sasa kinawezekana. Houmadi naye akakubali. Laïla akaenda kukaa Nosy Be na mumewe na mama mkwe, mjane aliyeitwa Mama Chan. Huyo mama hakusilimu, wala hakuna aliyemlazimisha.

Mwaka haujatimia, barazani akaja Fazul, mfanyabiashara wa pilipili manga aliyekuwa akienda Nosy Be na kurudi. Alikunywa kahawa, akafuta mdomo, halafu akatoa sumu yake polepole kama mtu anayetoa pole.

"Nimemwona Laïla wako huko Nosy Be, katika soko la Hell-Ville. Kikapu mkononi, anabishana na wavuvi."

Wazee wakaweka vikombe chini.

"Na chakula cha nyumba ile," Fazul akaongeza, "Mungu ndiye ajuaye kinachoingia chunguni. Wachina na nguruwe, unajua mwenyewe."

Houmadi aliondoka bila kumaliza kahawa yake. Alipofika nyumbani akamwambia Oumi amfungie nguo za safari.

"Unakwenda kumtazama mwanao au kumchukua?" Oumi aliuliza.

"Kumchukua."

"Umemuuliza kama anataka kuchukuliwa?"

"Mtoto haulizwi kama anataka kutolewa motoni."

"Kama moto upo," alisema Oumi, akamfungia nguo.

Meli ya pwani ilimfikisha Hell-Ville siku ya Jumatatu, na ingerudi Mahajanga Alhamisi alasiri. Houmadi hakuuliza njia ya dukani. Alikwenda moja kwa moja sokoni, maana mtu kama yeye hapotezi njia ya sokoni katika mji wowote. Na kweli, mbele ya meza ya samaki alimkuta mwanawe, leso imefungwa kiunoni. Pembeni yake alisimama bibi mfupi mwenye suruali pana na kofia kubwa ya majani. Huyo ndiye alikuwa Mama Chan.

Houmadi alijibanza nyuma ya magunia ya mchele, akatazama. Alichokiona kilimchoma. Wanawake wale walinunua kama ndege wanaodonoa: nyanya tatu, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi kisichozidi kidole. Samaki walimtaka aliye hai bado, anayetapatapa, na kichwa, ambacho watu wengine humwachia paka, wao walikililia. Mvuvi akataja bei. Laïla akacheka, akamrudisha samaki mezani, akageuka kuondoka. Mvuvi akamwita. Laïla akarudi bila haraka, na bei ikawa yake. Mama Chan aliitikia kwa kichwa tu, kama fundi anayemwona mwanafunzi wake amefuzu.

Hapo Houmadi alijikuta ameona jambo asilotaka kuliona. Samaki aliyemchagua Laïla kati ya wale wote ndiye ambaye yeye mwenyewe angemchagua. Fahari ilimpanda kifuani, akaimeza kwa nguvu, akatoka nyuma ya magunia.

"Baba!" Laïla alimkimbilia na kumbusu mkono.

"Mumeo anaumwa nini?"

"Issouf? Mbona mzima."

"Basi wewe unafanya nini hapa?"

Laïla aliinamisha uso, lakini tabasamu lilimponyoka. "Baba, kwao sokoni ni kwa wanawake. Mama Chan hamwamini mwanamume yeyote na samaki. Anasema mwanamume hununua ili aonekane."

Houmadi akakohoa. Akaiweka kofia yake sawa.

Mama Chan alimkaribisha mgeni kwa Kibuki, lugha iliyowaunganisha wote pale kisiwani, na kwa mikono yake miwili akamletea bakuli la kwanza. Wali mweupe uliogandana kidogo, samaki wa tangawizi aliyeungua kingo, mboga za majani zilizopitishwa motoni kidogo tu. Harufu yake, tuseme ukweli, ingemtoa mfungwa gerezani. Houmadi akaliangalia bakuli kama mtu anayeangalia shimo.

"Nimefunga," alisema. Na kweli Jumatatu ni siku ya sunna, ila futari alikula peke yake barabarani, mkate na ndizi alizonunua mwenyewe. Jumanne alisema tumbo. Jumatano hakusema kitu, alisukuma bakuli tu. Mama Chan hakununa wala hakuguna. Kila mlo aliweka bakuli mbele yake kama kwamba ni mara ya kwanza, na kila mlo akaliondoa likiwa limejaa.

Asubuhi moja Houmadi alimwona akinunua kuku hai, akampapasa kidari, akamfunga miguu. Badala ya kurudi naye nyumbani akapanda naye kilima mpaka msikitini, akamkabidhi mwadhini amchinje, akasubiri juani. Anajionyesha kwa kuwa nipo, Houmadi aliwaza. Mwadhini alipomwambia kwamba bibi huyo hajakosa kuja tangu siku ya harusi, Houmadi alijibu, "Inshallah," neno ambalo hapo halikuwa na maana yoyote.

Jumatano jioni alimwita binti yake ukumbini, mumewe akiwepo.

"Kesho tunaondoka. Funga vitu vyako."

Issouf alikaa kitako mbele ya mkwewe, macho chini. "Baba, mimi siwezi kukukatalia. Laïla akisema anataka kwenda, mzigo nitaubeba mwenyewe mpaka melini."

Laïla hakulia. Alikuwa mtoto wa Oumi yule. "Baba, ukiniamuru nitakwenda, kwa kuwa wewe ni baba yangu. Lakini ukifika Mangarivotra usiwaambie watu kwamba umenikuta na njaa."

"Njaa siyo inayonitisha. Kinachonitisha ni kile unachokula."

"Nakula anachokula Mama Chan. Chungu chetu ni kimoja."

"Ndicho hicho," alisema Houmadi, akainuka.

Alhamisi baada ya adhuhuri alikaa kibarazani, nguo zake zimeshafungwa. Chumbani alimsikia Laïla akifungua na kufunga kabati. Hapo ndipo Mama Chan alipopita uani na kutokea mlango wa nyuma, akitazama huku na huku. Hakuwa na kikapu. Bibi ambaye hata msibani angekwenda na kikapu, leo mikono mitupu! Houmadi alisimama. Siku zote hizi alikuwa akitafuta ushahidi, na ushahidi huo sasa ulikuwa ukitembea mbele yake kwa ndara.

Alimfuata. Mama Chan alipita nyuma ya maduka, akapanda kichochoro, mpaka nyumba ya Leong, shemeji ya Mama Chan. Ua wake ulizungushiwa mabati ya zamani yenye matundu. Houmadi aliweka jicho kwenye tundu. Ndiyo, mzee mzima mwenye kofia ya kufuma, jicho kwenye tundu la bati. Msimcheke, baba ni baba.

Mama Chan aliingia kibandani akatoka amevaa blauzi kuukuu. Akawasha moto, akaweka juu yake karai kubwa la chuma, jeusi ti, linalong'aa kwa ndani kama limepakwa mafuta ya kichwa. Akatia nyama. Harufu ilipomfikia Houmadi, alijua bila kuambiwa. Nguruwe.

Alisukuma mlango wa bati, akaingia.

Mama Chan aliruka, kimoja cha vijiti vyake vya kulia kikamponyoka. Uso wake ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Umenikamata, Baba Laïla," alisema.

"Nimekukamata. Sasa niambie, mwanangu anakula hiki?"

"Hiki?" Mama Chan alishangaa kweli. "Mwanao hajawahi hata kuliona karai hili."

Akalisogeza karai pembeni ya moto, akasema akiwa ameinama. Karai hilo alipewa na mama yake siku aliyopanda meli kutoka kwao China, akiwa msichana. Limepika maisha yake yote, limekunywa mafuta ya nguruwe mpaka chuma kimelainika, chakula hakiligandi. Issouf alipoleta habari ya kuoa, yeye alikwenda kwa mwadhini akauliza. Mwadhini akamwambia, lioshe vizuri, litakuwa safi, mkwe wako atakula humo bila wasiwasi.

"Basi kwa nini lipo huku?"

"Kwa sababu mimi nalijua. Ningempikia binti yako humo kila siku, naye akala akijua ni safi, na mimi ningemtazama akila. Sikuweza." Alifuta jasho kwa mkono. "Jirani akaniambia, weka makarai mawili, lako na lake. Nikasema, nyumba yenye makarai mawili ni nyumba mbili. Mimi mwanangu ni mmoja tu. Nikalileta huku kabla bibi harusi hajashuka melini."

Houmadi akalitazama karai lile. Alikumbuka wali uliogandana, kingo za samaki zilizoungua, ambazo siku zote hizi alizichukulia kuwa ni uzembe wa wanawake wanaoshinda sokoni. Lilikuwa karai jipya tu, na bibi wa miaka ile yote akijifunza kupika upya.

"Hamu ikinishika nakuja hapa," Mama Chan aliendelea. "Nguo naziacha hapa, napiga mswaki, naoga, ndipo narudi. Laïla anadhani nakuja kusalimia. Usimwambie, tafadhali. Akijua ataona haya, na mimi sitaki ale kwa haya."

Houmadi alikuwa mtu wa maneno mengi, majirani zake watakuapia. Lakini hapo alisimama uani mwa watu, moshi wa nguruwe ukimzunguka kanzu nyeupe, akaona aibu ambayo tangu azaliwe hakuwahi kuinunua katika soko lolote. Yeye alikuja na kikapu cha maneno. Mwanamke huyu alikuwa ametoa nyumbani kwake kitu cha mama yake, na hakumwambia mtu.

Bandarini meli ilipiga honi.

"Meli yako," alisema Mama Chan, akanyanyuka haraka. "Nenda, mimi nitafuata. Niache nioge, nije kumuaga Laïla."

"Chakula chako kinapoa, Mama Issouf."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Houmadi akatoka nje ya ua, akavuta gogo, akaketi mbele ya mlango wa bati, mgongo kwa mpishi na uso kwa kichochoro. Mtu mmoja alipita akamuuliza kama amepotea.

"Sikupotea. Namsubiri mkwe wangu amalize kula."

Honi ilipiga tena. Ndani, vijiti vilianza kugonga bakuli.

Walirudi pamoja polepole, Mama Chan akinukia sabuni. Laïla alikuwa mlangoni, uso umevimba, na Issouf amebeba mzigo begani kama alivyoahidi.

"Baba, meli imeondoka!"

"Nimeisikia. Mtue mumeo huo mzigo." Houmadi alivua viatu, akaingia, akaketi mkekani mahali pake pale pale pa bakuli lililojaa. "Leo mmepika nini?"

Issouf akautua mzigo. Mama Chan ndiye aliyeingia jikoni, akatoka na bakuli kwa mikono miwili.

"Wali umeshika chini kidogo," alisema. "Nisamehe."

Houmadi alisema bismillahi, akala. Alikula wali, akala samaki, akala ule ukoko ulioungua akiutafuna sana, mpaka bakuli likabaki jeupe. Kisha akalinyoosha kwa Mama Chan aongezewe, na Laïla akabaki kumtazama baba yake, asijue kimemwingia nini.