Filimbi Mgongoni mwa Penitoa

"Mama Penitoa, hivi mwanao akishajifungia ndani ya lile zimwi la plastiki, wewe utamjuaje?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Losivale, siku kikosi cha zimamoto cha mwanangu Penitoa kilipokuja mtaani kwetu Mangere kutuonyesha mavazi ya kuingilia penye sumu. Yalikuwa ya kijani, yamemfunika mtu toka utosini hadi kidole cha mguu, na kioo usoni kisichoonyesha aliyemo.

"Mungu atanionyesha," nikamjibu.

"Mungu ana kazi nyingi, shoga. Mfunge kitambaa chekundu."

Penitoa mwenyewe aliniambia jambo moja tu juu ya vazi lile. Hewa imo katika mtungi mgongoni, na ikikaribia kwisha filimbi hulia yenyewe. "Ikilia, mama, lazima niwe tayari njiani natoka." Neno lile nililishika kama ninavyoshika sala.

Alhamisi moja ya Oktoba, asubuhi, tulikuwa ukumbi wa kanisa, wanawake saba, tunasuka mkeka mkubwa wa harusi ya mjukuu wa Mzee Tafaoga. Mwenyewe, chifu wetu, alikuja kuutazama. Akaketi chini, mgongo kwenye nguzo, nasi tumeketi. Kwetu Wasamoa chifu akiketi hakuna anayesimama juu yake, hata huku Auckland, hata miguu ikifa ganzi. Ukitaka kupita unainama, mkono karibu na sakafu, unasema "tulou", yaani niwieni radhi.

Bomba la gesi ya kugandishia likapasuka katika ghala la samaki la jirani. Harufu ilitangulia, kali kama mkojo wa siku nyingi. Simu zikatuagiza tufunge madirisha tubaki ndani. Tukafunga. Kisha upepo ukageuka, na ukungu mweupe ukaingia chini ya mlango, polepole, bila sauti, ukatandaa juu ya mkeka wetu kama mkeka mwingine. Mungu anisamehe, niliuona mzuri. Vidole vya wenzangu vilizama ndani yake vikaibuka, na kila mtu alionekana mbali, kama watu wa ndoto ya alfajiri, wanakuita nawe huna kinywa. Tukajifunika nguo midomoni. Losivale akaanzisha wimbo, ukamkwama kooni.

Mlango wa jikoni ukafunguka, wakaingia wawili wa kijani. Wa kwanza akasimama wima katikati yetu, anapunga mikono. "Simameni! Tokeni kupitia jikoni! Sasa hivi!" Sauti kama ya mtu aliye kisimani.

Mzee Tafaoga hakumtazama. "Kaeni," akatuambia. "Asiye na uso, anayetusimamia vichwani, hasemi na mimi."

Tukakaa. Nasema kweli, macho yanaungua, tukakaa.

Ndipo wa pili akainama. Lile zimwi zima likajikunja, mkono wa mpira ukashuka karibu na sakafu, akapita mbele yetu. "Tulou. Tulou." Nikamjua. Hakuwa na kitambaa chekundu. Alikuwa na ule mgongo niliomfundisha mimi kuuinamisha, kwa mpini wa ufagio.

Akapiga magoti ndani ya ukungu, akaanza salamu ya chifu: jina la kijiji, jina la ukoo, majina ya wahenga waliolala. Salamu ile haikatwi. Ukiikata, heri usingesalimu.

Mwenzake akampiga bega. "Ndugu yangu, unafanya nini? Twende!"

Penitoa akaendelea. Na Mzee, huku anakohoa, akanyoosha shingo kujiandaa kujibu. Jibu lake huwa refu kuliko salamu.

Filimbi ikalia.

Sauti nyembamba, kama ndege aliyepotea ndani ya nyumba. Penitoa hakuinuka. Nilijua hatatoka akatuacha, na nilijua hatamkatiza mkubwa, maana mimi ndiye niliyemlea hivyo. Nikasema moyoni, Bwana, nikikosea nihukumu mimi.

Nikasimama. Wima, kichwa changu juu ya kichwa cha chifu, mbele ya watu.

"Mzee, nimeshazika mume mwaka huu. Jibu utampa huko nje."

Filimbi ikazidi kulia. Losivale akasimama. Wakasimama wote. Mzee akabaki peke yake chini, ukungu kifuani, akaonekana mdogo kama mtoto. Penitoa na mwenzake wakamshika kwapani, wakamnyanyua.

Nje walitumwagia maji mengi. Nguo zetu zikatiwa mifukoni zikafungwa, na mkeka nao, miezi mitano ya vidole vyetu, ukaenda hivyo hivyo. Penitoa alipovuliwa kioo uso ulikuwa umelowa jasho.

"Mama, ulisimama."

"Na wewe ulisalimu mno."

Mzee alikuwa kajifunika blanketi, amenipa kisogo.

"Umemsimamia chifu kama mlingoti!" Losivale akaninong'oneza, meno yanagongana. "Watakutenga, shoga."

"Na wewe je? Hukusimama?"

"Mimi nilifuata mlingoti."

Jumapili tatu Mzee hakunisalimu, na viti vya karibu yangu kanisani vilikaa vitupu. Nililia, kisha nikaacha. Nyumbani kulikuwa na mtu wa kumpikia.

Jumatatu moja mchana nimeketi sakafuni nachambua majani ya magimbi, kivuli kikaingia mlangoni. Mzee Tafaoga, peke yake, kabeba fungu la majani ya mkadi yaliyokwisha kuchanwa, tayari kwa kusuka. Nikataka kumtandikia, akanizuia kwa kiganja. Penitoa alikuwa amelala chumba cha ndani baada ya zamu, anakoroma. Mzee akausikiliza mkoromo ule kitambo kirefu.

Kisha akainama, mkono karibu na sakafu, akapita mbele yangu.

"Tulou," akasema.

Akaliweka fungu miguuni pangu, akageuka, akatoka.