Mwanambuzi wa Amana

Kitambaa chekundu kilikuwa shingoni mwa mwanambuzi asiyestahili, na Mshonaji ndiye aliyekifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Mama wa mwanambuzi huyo, mbuzi wa maziwa, aliletwa na wafadhili mwaka ambao Mshonaji alifiwa na mumewe, kwa sharti moja: jike wa kwanza kuzaliwa avikwe kitambaa siku hiyohiyo, na akiacha kunyonya apewe anayefuata katika orodha ya wanaosubiri mbuzi. Aliyefuata ni wifi yake, dada wa marehemu. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa matete tu. Mbuzi akazaa alfajiri, majike wawili. Wa kwanza alitoka mnene, akasimama upesi kama aliyeitwa. Wa pili alitoka kama nguo iliyokamuliwa. Hapakuwa na shahidi ila Mola. Mshonaji, aliyezoea kukata nguo za watu kwa kipimo cha haki, siku hiyo mkono ulimpinda: akamvika kitambaa yule dhaifu.

Tangu hapo utulivu ukamhama. Mishono ikaenda mshazari; shati la mteja likatoka na mikono miwili ya kushoto. Akisimama kusali, rakaa zilimponyoka. Angeweza kuuzoea uongo wake, lau wifi asingekuja kila asubuhi na majani machanga, akaketi bandani na kumpakata yule dhaifu.

"Huyu wangu ana miguu ya njiti, wifi. Kama wewe ulipoolewa."

"Mimi nilinenepa."

"Kwa jasho la kaka yangu, bila shaka."

Wakacheka, Mshonaji akiwa wa kwanza kuacha.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku ya makabidhiano bwana mifugo akaja na daftari lake, akawatazama wanambuzi wawili.

"Mwenye kitambaa ndiye wa kwanza, sivyo?"

Wifi alikuwa ameinama akiweka majani chini. Hakuinua uso. Mshonaji akamtazama.

"Siye," akasema. "Wa kwanza ni yule mnene."

"Ulikosea kufunga, mama?"

"Sikukosea. Nilikusudia."

Kalamu ya bwana mifugo ikabaki hewani.

"Nilijua," wifi akasema taratibu. "Asubuhi ile ya kuzaliwa nilipofika, yule mnene alikwisha kauka manyoya. Huyu alikuwa bado anachuruzika."

"Na ukanyamaza siku zote hizi?" Mshonaji akauliza.

"Ungenipa huyu, ningempokea na kushukuru. Ila mlangoni kwako nisingekanyaga tena."

Wifi akamfungua mwembamba kitambaa, akamvika mnene, akashika kamba.  Akaondoka naye. Penye pengo la ua akasimama, mgongo bado umegeuzwa.

"Huyo hali majani yenye umande," akasema. "Yakung'ute kwanza. Na ukae naye. Akiachwa peke yake hagusi kitu."

Matete yakatikisika, kisha yakatulia. Mshonaji akaketi chini, akachukua jani la kwanza, akalikung'uta. Mwanambuzi akalinusa, akageuza kichwa kutazama penye ua. Mshonaji akachukua la pili.