Kivuli cha Kipimo

"Kamati ya wapangaji inawatangazia wakazi wote wa jengo kwamba, kuanzia Jumatatu, ni marufuku kuanika vivuli vya ziada kwenye kamba za ua wa nyuma, kwa kuwa kamba hizo ziliwekwa kwa ajili ya nguo."

Tangazo lilibandikwa mlangoni asubuhi, na kufikia mchana kila mtu alikwisha kujua linamhusu nani. Katika jengo zima, mwenye kivuli cha ziada alikuwa mmoja tu: karani wa bima wa ghorofa ya tatu. Alikuwa amekiagiza mtandaoni, nacho kilikuwa kirefu, chembamba kiunoni, na kilimfuata upande wa kushoto kama mtumishi aliyefunzwa adabu.

Fundi cherehani wa chini alilisoma tangazo mara mbili, akaumia. Karani alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na fundi aliona wazi kwamba hata katazo, likiwa la mtu mmoja, ni namna ya heshima. Mumewe naye hakusaidia.

"Dada kapendeza siku hizi," alisema wakati wa kula. "Ukimwona kwa mbali utadhani wako wawili."

"Na mimi nikiwa mmoja nakuudhi?"

Mume akaomba chumvi.

Fundi alipata duka la mtandaoni lililouza vivuli kwa nusu bei. Alipanda ghorofani kumwonyesha wifi yake simu, si kwa kutaka ushauri bali ili ionekane kwamba naye ananunua. Karani alipitisha kidole kwenye kioo kwa utulivu uleule anaoutumia kazini kukataa madai.

"Wifi, hawa hawana anwani. Sifa zote hizi zimeandikwa siku moja. Na kwa nini wanataka ulipe nje ya tovuti?"

"Kwa hiyo ukinunua wewe ni ujanja, nikinunua mimi ni kuibiwa."

"Sijasema hivyo."

"Mdomo haujasema. Macho yamemaliza."

"Haya. Basi angalau usilipe kabla ya kupokea."

"Naona unaogopa tutafanana."

Alilipa akiwa bado kwenye ngazi.

Muuzaji alijibu kwa adabu, akaomba atumiwe kivuli chake cha sasa kiwe kipimo. Hapo mtu mwingine angeshtuka. Lakini kwa miaka yote ya kazi yake, wateja wasiopenda kuzungushiwa tepu walimwachia fundi gauni la zamani linalowakaa vizuri, naye alikata kitambaa kwa kulifuata, kisha akawarudishia yote mawili. Muuzaji aliyeomba kivuli chenyewe, badala ya picha au namba, alionekana kwake kuwa mtu anayeijua kazi. Akaketi juani, akafumua kivuli chake kuanzia visiginoni kwa wembe wa kufumulia mishono, akakikunja na kukipeleka posta. Mhudumu wa posta aliuliza kama ndani mna kitu cha kuvunjika. Akajibu hamna.

Duka lilitoweka mara mzigo ulipofika. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Wa kwanza kuathirika alikuwa binti mdogo wa fundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mtoto huyo alizoea kulala mchana barazani, ndani ya kivuli cha mama yake aliyekuwa akishona kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Sasa jua lilimpita mama kama linavyopita kwenye kioo cha dirisha, likampiga mtoto usoni. Fundi alimwekea mwavuli, mtoto akausukuma. Alitundika shuka, mtoto akalia mpaka likaondolewa.

Baada ya muda karani aliteremka ngazi akiwa na kivuli kingine tena, cha mtumba. Safari hii pia alikuwa amehakiki kila jambo: anwani ya duka, simu, risiti, haki ya kurudisha bidhaa. Kivuli kilikuwa kifupi, kimeinamisha shingo, na mguu wake mmoja uliendelea kukanyagakanyaga hata karani aliposimama tuli.

Mtoto aliinuka, akajikongoja hadi miguuni pa shangazi yake, akajilaza ndani ya kivuli hicho na kusinzia.

"Hicho ni changu," fundi alisema.

"Wifi, nina risiti."

"Utazame mguu."

Karani aliutazama. Alikuwa mtu mkweli. "Nauona," akasema. "Lakini nimenunua kihalali. Kadai kwa aliyekuuzia."

"Hayupo."

"Ndicho nilichokuwa nakwambia."

Tangu hapo mtoto alipandishwa ghorofani kila mchana. Fundi alishona akisikia, juu ya kichwa chake, utulivu wa mtoto aliyelala kwa mwingine. Wivu wake wa kwanza ulikuwa mwepesi. Ulihitaji duka tu. Huu wa sasa haukuwa na duka.

"Si yuko kwa shangazi yake?" mume aliuliza. "Hajaenda kwa mtu baki."

Fundi akapeleka malalamiko kwa kamati. Wajumbe walikitandaza kivuli sakafuni, wakamlaza fundi juu yake, wakapima kwa tepu yake mwenyewe kuanzia utosini hadi visiginoni, ambako alama za wembe zilikutana bila kupishana. Kisha mwenyekiti alisoma:

"Kamati imeridhika kwamba kivuli kinamkaa mlalamikaji bila upungufu, na kwa hiyo inaamua kwamba kitabaki kwa mwenye risiti. Mlalamikaji anaruhusiwa kutumia kivuli cha jengo, upande wa mashariki, kila siku baada ya saa sita mchana, bila malipo."