Bega la Kulia

Nina hasira za karibu, nasema mapema. Ila siku ile hata mpole angepandwa na mori.

Baba alikuwa azikwe kesho yake akiwa na sare yake ya ukapteni. Mama ndiye aliyetaka hivyo, na jeshi likakubali kuleta gwaride. Nikawa sebuleni napiga pasi koti. Sajenti mstaafu, rafiki wa Baba wa kufa na kuzikana, alikuja kung'arisha vifungo.

Akaliona koti, akacheka. "Huyu baba yako bwana! Beji ya ghala bega la kulia? Kulia unavaa ya kikosi ulichokwenda nacho kwenye oparesheni. Sasa maharage yalipigana na nani?"

Nikacheka pia. Tangu utoto wetu Baba alituambia kuwa mwaka wa maandamano, mjomba alipopigwa risasi na wanajeshi darajani, yeye alikuwa ghalani na magunia yake. Mama alimwamini. Kila mwaka walikwenda pamoja kwenye kaburi la mjomba, Baba akalipalilia kwa mikono yake mwenyewe.

Ghafla Sajenti akaacha kung'arisha. Akalisogeza koti dirishani. Beji ya ghala ni ya duara. Kando yake zilichomoza pembe tatu za kitambaa ambacho hakijapauka, kijani kama siku kilipotoka dukani.

"Hapa palikuwa na beji ya pembetatu," nikasema. "Ya kina nani?"

"Mwanangu, achana nayo. Mzee ameshakwenda."

"Nimekuuliza, ya kina nani!"

Akakuna kidevu. "Kikosi kilichopelekwa darajani. Wallahi, hata mimi alinificha."

Nikashika wembe, nikaifumua ile duara. Nikapekua mifuko. Katika mfuko wa ndani, upande wa moyo, nikaikuta beji yenyewe imefungwa kwenye leso. Hakuitupa! Muongo mkubwa yule! Miaka yote amemshika Mama mkono pale kaburini, akatoa machozi naye. Nilitamani afufuke nimzabe kibao, Mungu anisamehe.

"Mama yako asijue," Sajenti akaninong'oneza. "Utammaliza."

Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Akaja, akaichukua beji, akaiweka juu ya ile alama. Ikakaa sawasawa.

"Kaka yangu alikuwa ameshika vitabu," akamwambia Sajenti. "Vitabu tu."

Sajenti akainamisha kichwa. Mama akanigeukia, macho makavu.

"Ishone."

"Mama jamani..."

"Ishone palepale, kwa uzi mweupe. Wenzake si wanakuja kumpigia saluti? Wampigie huku wanaiona."

"Na wewe utaweka shada?"

"Mimi kesho msinitafute mazikoni. Nitakuwa kwa kaka yangu. Magugu yameota, na aliyekuwa anapalilia ndiye huyo mnayemzika."

Akatoka kwenda kutafuta jembe. Nami nikatunga uzi kwenye sindano.